Weka Mbuzi

Jumapili, 2 Machi 2025

Masika yameanza leo mchungaji akiwa katikati ya mahubiri. Mvua ilipiga bati la kanisa hadi akakata tamaa, akatuambia tuimbe tu. Tumeimba mpaka koo zimekauka. Nimerudi nyumbani viatu vimejaa maji, na mezani ndipo Clemence aliponiambia jambo lake.

Clemence ni mwanangu wa pekee. Ana miaka arobaini na moja, na tunakaa kiwanja kimoja hapa Magamba, mimi nyumba ya mbele, yeye na mkewe Happiness nyumba ya nyuma. Ni mtu wa maneno machache. Alisubiri nimege tonge la kwanza, akasema, "Mama, kuna mtu wa Korogwe anaitaka ile Honda. Atakuja katikati ya Mei. Na mimi nimepata mtamba wa ng'ombe kule Kwai, nahitaji kile kibanda inamokaa."

Nikamwambia hiyo siyo "ile Honda". Ni Honda yangu. Nilikuwa nesi wa zahanati, na kwa miaka ishirini na miwili niliipanda kupeleka chanjo Mlola na vijiji ambavyo gari halikuthubutu kufika. Zahanati ilipopata gari, wakubwa waliniachia pikipiki yangu kwa maandishi, na karatasi ninayo.

"Haijawaka miaka kumi na tano, mama. Kuku wanatagia juu ya kiti."

Ni kweli wanatagia. Lakini ukweli ukisemwa kwa sauti ya upole vile ndio unaoniudhi zaidi. Nikatamka neno ambalo sikulipanga. "Siku atakayokuja huyo mtu, ikipanda Mteremko wa Tobia mpaka kanisani, mimi nikiwa juu yake, bila mguu wangu kugusa chini, inabaki. Ikishindwa, mpe huyo mtu wako, na kuku muongezee."

Clemence akaliweka tonge lake chini. "Kwenye masika haya?"

"Haya haya."

"Sawa, mama."

Nina miaka sitini na tatu na goti la kushoto linalotabiri mvua kuliko redio. Mungu anisaidie na mdomo huu.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nimewahamisha kuku. Mayai manane, moja ndani ya kikapu cha chanjo.

Jumamosi, 8 Machi

Amekuja fundi kutoka Lushoto mjini, kijana anaitwa Hashimu. Ameniamkia vizuri, "Shikamoo mama," kisha akachuchumaa mbele ya Honda kwa muda mrefu kama mtu aliyefika msibani.

"Mama, hii ni pikipiki au ni kumbukumbu?"

"Itategemea wewe ni fundi au ni msemaji."

Akacheka. Tangu hapo tumeelewana. Amefunga, kwa hiyo hata chai sikumkaribisha, nimemfungashia magimbi ya kufuturu. Ameniambia kabureta imeziba, cheni imeoza, tairi zimepasuka, waya zimeliwa na panya. Chini ya injini tope na samadi vimegandana kama saruji. Akagongagonga kwa bisibisi, akasema, "Huku kuna kitu kimevunjika, kimebaki kisiki tu. Nitakifunika kwa bati, mawe yasije yakapiga injini."

Nikasema sawa. Kuna kitu nilitaka kumwambia, lakini sikukijua ni nini.

Jumatano, 12 Machi

Ukungu mchana kutwa. Sijaiona hata barabara.

Jumamosi, 22 Machi

Leo niandike kwa kirefu, maana leo nimejua jambo lililofichwa miaka hamsini na miwili.

Kaka yangu Tobia alikuja asubuhi. Ananizidi miaka miwili. Nimemwamkia shikamoo ingawa kwa muda mrefu nimekuwa nikimwamkia huku nimekunja uso. Sababu ni ule mteremko wa kanisani. Kila mtu hapa anauita Mteremko wa Tobia, hata watoto wasiomjua Tobia, na mimi jina hilo linanichoma kama upupu.

Mwaka 1973 nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Sisi wawili tulikuwa watoto wa kuombewa. Pikipiki yetu ya kwanza ilikuwa ya mbao, magurudumu ya gogo la mkaratusi, na ekseli tuliilainisha kwa sabuni ya mche ya mama. Mama alidhani panya ndio wanaokula sabuni, akaweka sumu, nasi tukaendelea kuiba huku tukimsifu kwamba panya wamepungua. Tulishuka mteremko ule jioni kwa jioni, tukasimama kwa visigino, na visigino vyangu mpaka leo vina alama.

Kisha mwinjilisti Nathanaeli akapata pikipiki ya kweli. Kila Jumamosi aliiegesha kando ya kanisa akafundisha watoto wa kipaimara. Tulijua saa ya sala ya kufunga, kwamba hapo wote hufumba macho na sala ya mwinjilisti haikuwa fupi. Tukaisukuma ikiwa imezimwa, taratibu, hadi ukingo wa mteremko. Tobia alipoangalia chini akanywea. Nikakaa mbele mimi, nikashika usukani mimi, na yeye akanikumbatia nyuma akilia "Yusta, breki! Yusta, breki!" Breki nisingeijua hata kama ingenisalimia. Nasema wazi, sijawahi tena kuwa na furaha ya namna ile. Upepo uliingia mdomoni nikaumeza. Tuliishia katika shamba la kabichi la mzee Twaha, tukavunja kabichi thelathini na saba. Idadi naijua kwa sababu tulizibeba kichwani moja moja hadi kwake kuomba radhi.

Kesho yake nilipelekwa kwa shangazi Mlola hadi shule ifunguliwe. Niliporudi, mteremko ulikuwa tayari wa Tobia. Kijiji kizima kilijua kwamba Tobia ndiye aliyeendesha. Nikajua kajitapa mwenyewe kwa watu.

Basi leo, Hashimu akiwa chini ya Honda, Tobia akavuta kigoda akaanza. "Mgosi," akamwita, kama tuitanavyo wanaume huku, "mimi pikipiki nimeendesha kabla ya mama yako kuzaliwa. Nilishika usukani hivi..."

Nikamtupia kitambaa chenye grisi. "Kaka, shikamoo yako umeshaipata. Sasa sema kweli mbele ya mtoto wa watu. Nani alishika usukani?"

Tobia akafuta uso. Kisha akasema, "Wewe."

"Na kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Baba aliuliza nani aliyeshika usukani, akiwa na fimbo mkononi. Nikasema mimi. Nikala sita, na nyingine mbele ya wazee wa kanisa. Wewe ulikuwa kwa shangazi unakula ndizi. Hilo jina nimelilipia, Yusta. Ukilitaka, nirudishie fimbo zangu."

Miaka hamsini na miwili nimemnunia mtu aliyenikinga. Nikaenda jikoni, nikalia kidogo, nikarudi na chai yenye maziwa mengi na mkate wote uliokuwepo. Tobia akala wote. Hakuniachia hata kipande, na leo sikusema neno.

Jumatatu, 31 Machi

Sikukuu ya Idi. Hashimu ametuletea pilau la mkewe Salama, na kabla hajaketi akapiga kiki mara tatu. Ya nne Honda ikakohoa, ikatoa moshi mweusi na unyoya wa kuku, ikawaka! Nilipiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kajifungua.

Nilipogeuka nikamwona Clemence mlangoni kwake. Hakutabasamu. Aliingia ndani, akafunga mlango. Nikasema moyoni, roho ya kwa nini hiyo, mtoto anamwonea mama yake wivu kwa ajili ya ng'ombe.

Jumamosi, 12 Aprili

Jaribio la kwanza. Imekufa kwenye kona ya bomba la maji. Nimeweka miguu yote miwili chini.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Karoti zinaoza ardhini. Goti.

Jumamosi, 26 Aprili

Jaribio la pili. Hashimu alinifungia kamba ya mkonge kwenye tairi la nyuma ili lishike tope. Tairi limeshika, injini ndiyo iliyoshindwa. Gia ya kwanza ni nzito kwa mlima ule. Imeguna, imetetemeka, imezima, nami nikarudi kinyumenyume hadi kwenye majani mbele ya vijana wa bodaboda. Walinisaidia kuinua, na kwa adabu yao walisubiri nifike mbali ndipo wacheke. Mmoja nilimzalisha mimi mwenyewe, tena alitoka matako kwanza.

Lakini kuna kitu kinanisumbua. Nilipanda milima mibaya kuliko huu, kwenye mvua kubwa kuliko hii, nikiwa na sanduku la chanjo na dumu la mafuta ya taa. Nilipandaje? Mwili unasema ulijua. Kichwa kimesahau.

Jumamosi, 3 Mei

Nilikuwa namenya viazi na Happiness. Nikamwambia, bila kuficha, kwamba mume wake amemthamini mtamba kuliko mama. Happiness ni mpole, lakini leo aliweka kisu chini.

"Mama, naomba nikwambie, na usimwambie nimesema. Siyo ng'ombe. Clemence akisikia pikipiki jioni hawezi kula."

"Tangu lini?"

"Tangu ana miaka saba. Unakumbuka daraja la njia ya Mlola lilipochukuliwa na maji?"

Nakumbuka. Masika ya 1991. Nililala Mlola siku mbili nikisubiri maji yapungue, nikapumzika vizuri kwa kweli, nikala ndizi za shangazi. Simu haikuwepo. Baba yake, marehemu, alikwenda kunitafuta. Happiness ameniambia kwamba jirani mmoja alimwambia mtoto, "Mama yako kaenda na maji," na mtoto akakaa kwenye kizingiti siku zile mbili, hakula, akisikiliza. Na hata nilipofika hakuacha. Kila siku ya kazi alikaa pale akisikiliza mlio. Alijua kwa mlio nipo kona ipi.

Na mimi? Nilikuwa nikiingia nikimkuta mlangoni, nampita namwambia, "Clemence, mbona umekaa kwenye baridi, huna akili?"

Sikumaliza viazi. Nimekuwa mama miaka arobaini na moja, na kumbe mwanangu sikumjua. Nimeamua. Kesho baada ya ibada nitamwambia aiuze.

Jumapili, 4 Mei

Nilimkuta anakamua ng'ombe wake wa zamani. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikamwambia, "Mwanangu, mwambie yule mtu aje. Nimeacha."

Mkono wake ukasimama. "Happiness kakwambia."

"Hajaniambia kitu."

"Mama, wewe hujui kudanganya, ndiyo maana mjomba Tobia alidanganya kwa niaba yako, akachapwa." Kumbe hata yeye anajua. Akaendelea kukamua. Kisha akasema taratibu, bila kunitazama, "Sitaki uache kwa kunihurumia. Ungeshindwa mlimani ningefurahi. Ukiacha kwa huruma, nitajiona nimekuvunja miguu."

Maziwa tu ndiyo yaliyosikika. Ndipo nikauliza swali ambalo sikuwahi kuliwaza. "Clemence, uliwahi kuniona nikiendesha? Siyo kuondoka hapa uani. Mlimani, kwenye tope?"

Akafikiri. "Hapana. Nilikuwa nakusikia tu."

"Basi miaka yote umeogopa kitu ambacho hujakiona. Njoo tarehe kumi na saba, akija yule mtu, uone. Nikishindwa, iuzwe, sitanuna. Nikishinda, utakuwa umeona mama yako anajua anachofanya."

Akanyanyuka na ndoo. "Nitakuja," akasema.

Jumanne, 6 Mei

Mvua ya mawe. Mboga zimetobolewa zote. Honda bado haina nguvu ya mlima.

Jumamosi, 10 Mei

Hii siku niiandike kwa wino mzito.

Tangu Jumapili Clemence amekuwa akisoma madaftari yangu ya zamani ya safari za chanjo, yale ya sandukuni. Nadhani anataka kujua nilikuwa wapi siku zile alizokuwa ananisubiri. Jioni hii alikuja na daftari mkononi, uso wa mtu anayetafuta hesabu isiyotoka.

"Mama, naomba kuuliza. Hapa, Aprili 1993. 'Mlola, njia mbaya, weka mbuzi.' Tena Mei. 'Utelezi, weka mbuzi mapema.' Kila mahali penye mlima umeandika weka mbuzi. Ulikuwa unabeba mbuzi wa nani kwenye pikipiki ya serikali?"

Nilimtazama. Kisha nikaanza kucheka, nikacheka mpaka nikakaa sakafuni, na Happiness akaja mbio akidhani nimepatwa na kiharusi. Mbuzi! Mungu wangu, mbuzi! Chini ya injini ya Honda ile kuna kijiti kidogo cha chuma. Unasimama, unakisukuma, na gia zote zinakuwa nyepesi. Pikipiki inakwenda polepole kama mtu anayetembea, lakini haikatai mlima wowote. Nilikibatiza mbuzi kwa sababu mbuzi hana haraka na hatelezi. Mimi ndiye niliyempa jina, na mimi ndiye niliyemsahau. Kile "kisiki" alichokifunika Hashimu kwa bati ndicho mbuzi mwenyewe!

Nikampigia Hashimu simu. Amekuja giza halijaingia, akafungua bati, akachokonoa tope na samadi ya miaka kumi na tano, akatia mafuta. Kijiti kikalia kwaa! Kikasogea. Hashimu akakitazama kwa aibu. "Mama, nisamehe. Sijawahi kuona kitu hiki. Pikipiki za siku hizi hazina mbuzi."

Clemence alikuwa amesimama na daftari lake. "Kwa hiyo," akasema, "nimejifunga mwenyewe."

"Ng'ombe hazeeki maini, mwanangu," nikamwambia. "Na hiyo ndiyo methali pekee ya ng'ombe utakayoisikia kwangu mwaka huu."

Akacheka. Mwanangu amecheka, na kicheko chake ni cha baba yake.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua usiku na mchana. Sijalala vizuri. Nimeomba.

Jumamosi, 17 Mei

Mtu wa Korogwe alifika saa nne na mwavuli na viatu vya ngozi. Jina lake Saidi, muungwana kabisa, aliniamkia na kunipa pole ya mvua. Masikini, hakujua kwamba anakuja kwenye sherehe. Vijana wa bodaboda walikuwepo wote. Kwaya ya akina mama ilikuwepo, ikisema imekuja kwa mazoezi, na hapakuwa na mazoezi. Mzee Tobia alipanda juu kanisani kungojea, akisema yeye ni mwamuzi kwa kuwa mteremko ni wake. Mwacheni aseme. Kaulipia.

Tope lilikuwa jekundu, likiteleza kama mafuta, maji yakishuka katikati ya njia. Clemence alisimama kando, hajavaa kofia, mikono ndani ya koti. Nikapiga kiki, ikawaka mara ya pili. Nikainama, nikamsukuma mbuzi. Kwaa! Nikakaa, nikaiachia.

Ilikwenda taratibu mno hata vijana wakanyamaza. Mmoja akauliza, "Imeharibika?" Haikuharibika, ilikuwa inakwenda kwa mwendo wake. Kona ya bomba la maji, pale ilipokufa mara ya kwanza, tuliipita kama tunaenda sokoni. Kwenye majani yale niliyoangukia mbele ya watu, nayo tukapita, na akina mama wakaanza kupiga vigelegele. Injini iliimba sauti ileile moja, ya chini, isiyopanda wala kushuka, na mikono yangu ikakumbuka yote. Usibane. Usiogope. Tazama mbele, siyo kwenye gurudumu.

Ndipo nikaona mtu pembeni yangu. Clemence. Kwa kuwa Honda ilikwenda mwendo wa miguu, yeye alikuwa anatembea nami, ubavuni kwangu, hatua kwa hatua, macho yake mikononi mwangu, miguuni mwangu, kwenye tairi, tena mikononi mwangu. Alikuwa anatazama kama mtu anayesoma.

Kona ya juu, yenye mizizi ya misindano, ndiyo mbaya. Maji yalikuwa yamechimba mfereji. Tairi la nyuma likateleza kushoto, Honda ikalala upande, goti langu likawaka moto, na mguu ukatoka kwenye kikanyagio wenyewe. Wakati huohuo Clemence akateleza akaanguka kifudifudi, puu, kwenye tope, uso mzima.

Mimi ni mama. Mwili wangu wote uligeuka kwake. Mguu ulikuwa hewani, kiatu kimebakiza kidole kimoja kufika chini, nami nilikuwa tayari kuushusha nimwinue.

"Usiweke mguu chini, mama!" Alikuwa bado amelala kwenye tope, ameinua kichwa, anapiga kelele kwa sauti ambayo sijaisikia tangu akiwa mtoto. "Usiniangalie mimi! Panda! Panda!"

Nikapanda. Mguu ukarudi. Kamba ya mkonge ikauma mzizi, mbuzi akavuta, Honda ikanyooka ikauvuka mfereji, na mbele yangu hapakuwa na kitu ila kanisa na kaka yangu Tobia anayerukaruka na fimbo yake kama mtoto wa miaka kumi na mitatu. Nilizunguka uwanja wa kanisa mara tatu kwa sababu sikutaka kushuka. Mara ya tatu nilitoa sauti, na sijui nilisema nini, lakini mwenyekiti wa kwaya anasema hayafai kuandikwa.

Clemence alifika juu kwa miguu, mwekundu kuanzia nywele hadi viatu, na nyuma yake Saidi wa Korogwe na mwavuli wake. Saidi alikuwa ameshapendezwa kabisa. Akasema, "Bwana Clemence, pikipiki hii ni dhahabu. Sema bei yako yoyote."

Clemence akajifuta macho kwa kiganja cha tope, akayachafua zaidi. "Ndugu yangu, unisamehe kwa safari yako. Haiuzwi," akasema. "Mwenyewe anaiendesha. Nimemwona."

Jumapili, 18 Mei

Goti limevimba kama papai. Nimekwenda ibadani hivyohivyo.

Jumatano, 21 Mei

Nimekwenda Mlola kwa Honda. Nimerudi.